Daktari Aliyefunga Pamoja na Mbwa

Ukimkuta Daktari amenuna, hajibu salamu, anazunguka mbele ya chumba chake cha tiba kama mtu aliyeibiwa, usimwulize kulikoni. Sisi wa mtaa ule wa Ibadakuli tulishajua. Tuliambiana kwa sauti ya chini, "Leo kuna kifua," na kila mtu akashika lake. Maana yake, mle ndani kuna mbwa au paka anayesubiri kupasuliwa kifua. Mnyama huyo hajala tangu jana jioni, na Daktari naye hajala. Alikuwa anafunga pamoja na mgonjwa wake.

Si kwa ajili ya dini, maana dini yake ilikuwa na siku zake na hizo alizifunga kwa furaha, mpole kabisa. Hii ya mbwa aliifunga kwa hasira. Siku moja nilimpelekea chai na chapati, nikijua hajatia kitu mdomoni, akanitolea macho. "Mama Kulwa, mwenzangu amelala pale na njaa yake, mimi nimnyime chakula halafu nije kumpasua nikicheua chapati zako?" Nilirudi na sinia langu nimechukia kweli. Mimi ni mtu wa kulisha watu. Mtu akikataa chakula changu naona kama amenitukana, na huyu alinitukana mara nyingi.

Alizaliwa wapi sijui. Waliomwuliza walijibiwa, "Umeleta mbwa au umeleta maswali?" Ninachokijua ni kile kilichopita ukutani. Duka langu la ushonaji na chumba chake viligawana ukuta mmoja, ukuta wenyewe mwembamba, kwa hiyo mimi nilisikia mbwa wake na yeye alisikia cherehani yangu. Nilimsikia akiwafokea wenye mbwa mpaka nikawaonea huruma, kisha nikamsikia akiongea na mbwa wenyewe kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga. "Pole baba. Pole. Nimeona. Hapo ndipo panauma, eeh?" Nikajisemea, huyu mzee angegawa vizuri, nusu ya huo upole awape binadamu, dunia ingemshukuru.

Mara ya kwanza kuja dukani kwangu aliagiza mashuka ya kijani, kila moja na tundu la mraba katikati.

"Nani analalia shuka lenye tundu?" nikamwuliza.

"Wanalala chini yake, si juu. Na anayelala hajui kama lina tundu."

Nikashona. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba shuka linamfunika mnyama mwili mzima, linabakiza pale tu pa kupasua, ili uchafu usiingie. Basi urafiki wetu ukaanzia hapo, kama ule ulikuwa urafiki, maana tulikuwa tunagombana kila siku kuhusu mshono. Alikuwa akipita dukani anashika suruali ya mteja wangu, anaigeuza ndani nje, anasema, "Unabana mno. Ngozi ikibanwa hivi inakufa." Namwambia suruali haina haja ya kuishi. Na yeye mwenyewe, jamani, alikuwa akishona ngozi ya paka usione hata alama, lakini kifungo cha shati lake alikishonea uzi wa hospitali kwa fundo kubwa la kutisha. Nilikuwa namvua shati pale pale dukani nakifumua.

Vyombo vyake alivichemsha kwenye sufuria ya presha. Wapita njia wakisikia ule mlio walimtania, "Daktari, maharage yameiva?" Naye, bila kucheka, "Yameiva. Ni mikasi." Mnyama akishalazwa anamnyoa mwenyewe, kwapani mpaka kiunoni, taratibu, na watoto wakichungulia wanacheka mbwa amenyolewa upande kama amekosana na kinyozi. Walipozidi aliwafukuza. Hakupenda mgonjwa wake achekwe.

Lakini kitu kilichomtambulisha kuliko vyote ni maswali yake ya asubuhi. Watu wengi waliyaona ya kichaa. Mtu amefika na mbwa wake, ameshaambiwa jana asimlishe, na Daktari anamsimamisha mlangoni.

"Amekula?"

"Hajala, Daktari."

"Amekunywa uji?"

"Uji... hapana."

"Maziwa? Michembe? Togwa? Mfupa? Ukoko wa sufuria? Amelamba mtoto aliyetoka kula?"

Mwenye mbwa anacheka. Yeye hacheki.

Nilikuja kujua sababu siku moja mvua ilipomfungia dukani kwangu. Zamani, kabla hajahamia mtaani kwetu, mchimbaji mmoja wa Geita alimletea mbwa aliyetumbukia kwenye duara, lile shimo la dhahabu, akavunjika mbavu. Daktari akamwagiza asimpe chakula. Asubuhi akamwuliza, amekula? Yule mchimbaji akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hajala. Na kweli hakudanganya. Kwetu Usukumani mtu ambaye hajala ugali hajala. Unaweza ukanywa uji kibuyu kizima, ukatafuna michembe, vile viazi vikavu, ukashushia maziwa, na mtu akikuuliza utasema bado sijala, na hakuna atakayekuita mwongo. Mbwa yule alikuwa na uji na michembe tumboni. Akiwa kwenye usingizi wa dawa vikapanda, vikaingia kwenye mapafu, akafa kabla kisu hakijamgusa.

"Ulimgombeza yule bwana?" nikamwuliza.

"Kwa kosa gani? Alinijibu nilichomwuliza. Mimi ndiye sikujua Kiswahili cha watu ninaowatibia." Akaangalia mvua. "Mbwa yule nilimchimbia kaburi mwenyewe. Tangu hapo nauliza chakula kimoja kimoja kwa jina lake."

Ndiyo maana nikisikia watu wanamwita mkali nasema ndiyo, alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na kaburi chini yake.

Sasa nieleze habari ya Bibi wa Didia, kwa sababu bila yeye nitakuwa nimewapa nusu ya mtu.

Bibi huyu alikuwa mjane, anaishi peke yake Didia na mbwa wake anayeitwa Mtasema. Jina hilo aliwatupia majirani waliokuwa wanamsema kwamba anamlea mbwa kama mjukuu. Kila akimwita jioni, "Mtaseeema!", ujumbe unafika nyumba zote. Mwanawe, broka wa dhahabu kule Geita, kijana mzuri tu wala si mkorofi, alikuwa amemjengea mama chumba chenye marumaru na anamtaka ahamie. Bibi hataki. Didia ndiko lilipo kaburi la mumewe, ndiko ziliko karanga zake, na ndiko anakojua kila mtu anayempita njiani. Alipobanwa sana na ukoo, akatamka mbele ya wote: "Mwenye kunilinda ni huyu mbwa. Siku akifa, nitahama." Wakakubaliana hivyo. Na kwa watu wa rika lake neno lililotamkwa mbele ya ukoo halirudi.

Kisha pikipiki ikamgonga Mtasema.

Alipoletwa kwa Daktari hakuwa na jeraha hata moja. Alikuwa amekaa tu, miguu ya mbele ameitanua, hataki kulala, anahema kama anapanda mlima. Daktari akaweka kipimo cha masikioni kifuani, akasikiliza, akaniita kupitia ukutani: "Mama Kulwa, njoo usikie kitu." Nikaweka masikioni. Mungu wangu! Kifuani mwa mbwa tumbo lilikuwa linanguruma.

Akamweleza Bibi kwa mkono wake mwenyewe, akiuweka ubapa chini ya mbavu, na kumwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Hapa ndani kuna ukuta wa nyama, mayu. Mapafu yanakaa juu, matumbo yanakaa chini. Pikipiki imeupasua ukuta. Matumbo yamehamia chumba cha mapafu, mapafu yamekosa pa kukaa. Lazima nifungue, niyarudishe, nishone ukuta."

"Atapona, Daktali?"

"Nisipofungua hatapona. Nikifungua, sijui."

Bibi hakulia. Alisema, "Basi fungua. Mimi marumaru zile nitateleza." Ndipo akatusimulia ile ahadi yake, na tukaelewa kwamba pale mezani hatalala mbwa peke yake.

Daktari akampa masharti na kumrudisha nyumbani, kwa sababu mbwa alitakiwa kwanza apumzike, atulie, mshtuko wa ajali umtoke. Asikimbie, asibebwe kwa tumbo, alale kichwa na kifua vikiwa juu. Na siku ya kupasuliwa, tangu jioni ya kuamkia, kisipite kitu kooni. Akavitaja vyote. Bibi akaitikia kimoja kimoja.

Asubuhi ile Daktari alikuwa amenuna vizuri kabisa. Sufuria ya presha inapiga mluzi, shuka langu la kijani limenyooshwa. Bajaji ikasimama, Bibi akashuka na Mtasema mikononi mwa dereva, na mimi nikaona kwa macho yangu kwamba mbwa anahema kuliko siku ile ya kwanza. Mate yanamtoka.

"Mwangaluka, mayu. Amekula?"

"Hajala."

"Uji?"

"Hakuna uji."

"Maziwa?"

Bibi akaangalia upande wa uwanja wa ndege ulio hapo jirani, kama ndege ingemjibia.

"Mayu, maziwa?"

"Nimempa maziwa. Na ugali nimempa. Na kichwa cha kuku nimempa." Akainua uso. "Nilikuelewa vizuri, Daktali. Usidhani sikukuelewa. Lakini nimeamka nikamwona ananiangalia, nikasema, huyu hajui kama atarudi. Kwetu msafiri hatoki na njaa. Kama anakufa, afe ameshiba kwangu."

Lo! Nilisubiri radi. Nilimjua Daktari akiwa na njaa, nikasogea kabisa mlangoni. Na kweli alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikasimama. Kisha akaufunga. Akavuta kigoda, akakaa karibu na miguu ya yule Bibi, akawa chini yake.

"Mayu, sikiliza. Tumbo lake liko kifuani. Ukilijaza, linakaba mapafu. Hicho kichwa cha kuku ndicho kinamkaba sasa hivi."

Bibi akashika mdomo. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Lakini kosa ni langu," Daktari akaendelea. "Nilikuambia umnyime. Hakuna mama anayeweza kumnyima. Nilitakiwa nikuambie tufunge. Mimi sijala tangu jana jioni, kwa ajili yake."

"Wewe? Kwa ajili ya mbwa?"

"Mwulize Mama Kulwa anavyonichukia."

Nikasema ni kweli, anakera sana. Bibi akafuta uso kwa kanga. "Kama tunafunga sote," akasema, "hapo hakuna aliyenyimwa."

Daktari akaahirisha mpaka kesho yake. Mchana kutwa alikaa na Mtasema amemwegemeza kifuani kwake, mbwa kichwa juu, ili lile tumbo lishuke kidogo, na alipozidiwa alimsogezea mtungi wa hewa. Bibi alilala kwangu. Ilipofika jioni aligoma kula, na mimi nikiwa na wali wangu wa maharage umeiva unanukia nyumba nzima, nitakula vipi mgeni anafunga? Nikafunga na mimi. Nililala nimekasirika. Njaa haina baunsa, wanasema vijana, na usiku ule niliamini.

Asubuhi kijana aliyekuwa akimsaidia Daktari kupasua hakuwepo, alikuwa ameitwa Kahama kuchanja ng'ombe. Daktari akagonga ukuta. Nilipoingia akanionyesha mpira wa kuminya, umeunganishwa na mrija utakaoingia kooni mwa mbwa.

"Nikishafungua, hataweza kupumua mwenyewe. Utampumulia wewe."

"Mimi? Mimi fundi wa magauni!"

"Nimekusikia ukutani miaka yote hii. Ukishona pindo refu, mwendo wako haukimbii wala hausinzii. Huo huo."

Mbwa akalala. Nikaanza kuminya, mara haraka, mara nasahau. Bila kuinua macho Daktari akasema, "Mguu, Mama Kulwa. Tumia mguu." Nikaelewa. Nikaanza kukanyaga pale sakafuni kama niko kwenye cherehani, mkono ukafuata mguu, na kifua cha Mtasema kikapanda na kushuka kwa mwendo wa pindo la shuka. Sikuangalia alichokuwa anakitoa mle ndani. Niliangalia mikono yake tu. Mtu yule aliyeshindwa na kifungo cha shati alikuwa anashona ule ukuta wa nyama nusu kipande kwa nusu kipande, akinisubirisha nisiminye kila sindano inapopita, "sasa... haya minya... sasa," na sauti yake ilikuwa ile anayowapa mbwa.

Alipofunga pa mwisho akanyonya hewa iliyobaki kifuani kwa bomba la sindano. Halafu akasema, "Acha."

"Niache?"

"Acha. Tumwone."

Nikaondoa mkono. Kifua kikashuka, kikakaa. Jamani, hakipandi! Mguu wangu uliendelea kukanyaga wenyewe. Nje mlangoni nilimsikia Bibi akiita kwa sauti ndogo, "Mtasema. Mtasema." Daktari alikuwa ameweka kiganja juu ya mbavu, amefumba macho, midomo inamcheza. Mimi nikawa namwambia Mungu mambo ambayo sikuwahi kumwambia hata nilipokuwa nazaa mapacha wangu.

Kifua kikapanda chenyewe.

Daktari akakaa sakafuni pale pale, glavu zikiwa mkononi, na neno la kwanza alilolisema lilikuwa, "Mama Kulwa, zile chapati zipo?"

Bibi alirudi Didia na mbwa wake. Yule mwanawe alikuja kushukuru, akacheka, akasema, "Daktari, umenishinda, ngoja nikaongeze mabati kule kwake." Chumba cha marumaru akampangisha mtu.

Miaka ilienda. Mikono ya Daktari ikaanza kutetemeka, na aliyegundua wa kwanza ni yeye mwenyewe. Aliacha vifua kabla hajamuumiza yeyote. Akija mwenye mbwa wa kifua alimwelekeza Mwanza, akabaki na majipu, kupe na chanjo. Halafu hata hayo akaacha. Siku moja binti yake akaja na gari kutoka Dodoma kumchukua. Mtoto mwenye adabu, alinisalimia kwa kupiga goti. Alisema baba ameshaanguka bafuni zaidi ya mara moja na hakuna wa kumwinua, na alichosema kilikuwa kweli.

Nilimpigia Bibi simu. Alifika na bajaji, Mtasema kando yake, mdomo wote umekuwa na mvi. Alimkuta Daktari amesimama barabarani na koti, chumba kimefungwa, sanduku liko nyuma ya gari.

"Mwanangu," Bibi akamwambia binti, "ukimchukua huyu, mbwa wangu atasikilizwa kifua na nani?"

"Bibi, na sisi tunamhitaji. Huku yuko peke yake."

Bibi akamgeukia Daktari. "Na wewe umekubali?"

"Nimekubali, mayu."

"Hukuwa na mbwa wa kuwasingizia, kama mimi?"

Daktari akacheka, cheko fupi. "Sikuwa naye. Nilitibu wa watu." Na ni kweli, hakuwahi kufuga mbwa hata siku moja, na mimi niliyeishi ukutani kwake ndiyo kwanza nililifikiria jambo hilo. Moyo uliniuma vibaya sana.

Kipimo chake kilikuwa kwenye sanduku. Hakukitafuta. Alishika mlango wa bajaji, akapiga magoti polepole kwenye vumbi, binti yake akitaka kumzuia, akalaza sikio lake juu ya mbavu za Mtasema. Mbwa akasimama kimya. Alisikiliza kwa muda mrefu, macho amefumba, na mikono yake iliyokuwa ikitetemeka ikatulia juu ya yale manyoya.

"Moyo uko kwake," akasema. "Mapafu yako kwake. Matumbo nayo yako kwake. Kila kitu kiko kwake, mayu. Na wewe rudi kwako."

Binti akamshika kwapani akamwinua. Nilitaka kumuaga, nikaishia kulia pale barabarani na utu uzima wangu. Akaingia kiti cha nyuma, binti akafunga mlango. Gari lilipoondoka, Mtasema aliponyoka mkononi mwa Bibi akalikimbiza mpaka kona, akibweka kwa kifua chake chote.